Mercedes, Range Rover, Lexus: gari ya bei haiombi mafuta ya bei, inaomba mafuta yake

Kwenye garaji za Goma, Bukavu na Butembo, mafundi wamezoea kuona picha hii: gari ya kifahari, viti vya ngozi, tablo yenye kuwaka kama televizyo, inafika ikivutwa na kamba nyuma ya Land Cruiser nzee. Land Cruiser hiyo imekunywa mazutu ya kila bidoni kwa miaka 25 na bado inatembea. Mwenye gari ya kifahari anashuka akiwa na hasira, anasema waliomuuzia walimdanganya. Mara nyingi hawakumdanganya. Gari ilikuwa nzima. Ilinyweshwa kitu kisicho chake.

Mercedes ML na GLE, Range Rover Sport, BMW X5, Lexus LX: magari haya yanaonekana leo kwenye harusi, mbele ya hoteli, na kwa wafanyabiashara wa madini, mbao na vitambaa. Wengi wameyanunua ya okazyo, kwa akiba ya miaka mingi. Wengine wanayapangisha, na hela hiyo ndiyo inalipa masomo ya watoto. Motere ikikufa, si heshima tu inayopotea. Ni mtaji.

Jambo la kuelewa mapema ni hili: gari ya aina hii haihitaji kitu cha bei ya juu kuliko vyote dukani. Inahitaji kitu kilichoandikwa katika kitabu chake, si kingine. Mafuta mazuri sana ya gari nyingine yanaweza kuiharibu sawa na mafuta mabaya.

Kosa la kwanza linafanyika siku ya kununua

Kabla ya kuuliza rangi na kilomita, uliza gari ilitengenezwa kutembea wapi. Gari ya mazutu iliyouzwa Ulaya baada ya mwaka 2011 ina filtri ya masizi kwenye ekzosi, ile mafundi wanayoita FAP. Ilijengwa kwa mazutu ya Ulaya, ambayo tangu mwaka 2009 haipaswi kupita miligramu 10 za salfa kwa kilo moja.

Mazutu yetu ya mashariki inapanda kutoka bandari ya Mombasa na ya Dar es Salaam, ikipitia Uganda ao Rwanda. Inchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa hadi 50 kuanzia mwaka 2015. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, kwani zamani salfa ilihesabiwa kwa mamia. Lakini hata mazutu safi, iliyofika bila kuchezewa, inaweza kuwa na salfa mara tano kuliko ile gari iliyozoea. Salfa hiyo inatengeneza asidi ndani ya mafuta ya motere na uchafu ndani ya filtri.

Kuna shida ya pili ambayo wauzaji hawaisemi. Filtri ya masizi inajisafisha yenyewe kwa kuunguza masizi, na kwa kazi hiyo inahitaji gari itembee kwa mwendo wa barabara kuu, dakika 15 ao 20 bila kusimama. Ni nani anayepata dakika 20 za mwendo huo kati ya Kadutu na Ibanda? Ao Goma, penye mawe ya volkano na mashimo? Gari inaanza kujisafisha, inasimama, inaanza tena. Kila mara mazutu kidogo inashuka na kuingia katika mafuta ya motere. Ndiyo maana unakuta mafuta yamepanda juu ya alama wakati hakuna mtu aliyeongeza. Hiyo si baraka. Ni mazutu iliyochanganyika na mafuta, na motere iko katika hatari.

Magari yaliyouzwa kwa soko la Ghuba, mengi yakipitia Dubai, ni ya esansi, hayana filtri hiyo, na yalitayarishwa kwa joto kali. Yanakunywa zaidi, ni kweli. Lakini kwa mtu anayezunguka mjini tu, motere ya esansi ya V6 ao V8 isiyo na turbo inasamehe makosa mengi kuliko mazutu ya kisasa ya Ulaya. Fanya hesabu ya esansi utakayoongeza kwa mwaka, kisha linganisha na bei ya filtri ya masizi, enjekteri sita na turbo.

Dawa ya kopo la buluu

Magari mengi ya mazutu ya Ulaya ya kuanzia mwaka 2014 ao 2015 yana tanki ya pili yenye kifuniko cha buluu. Humo mnawekwa AdBlue, maji safi kabisa yaliyochanganywa na urea asilimia 32.5, ambayo yanapunguza sumu ya moshi. Ikikaribia kuisha, tablo inaanza kuhesabu kilomita zilizobaki. Ikifika sifuri na wewe umezima motere, gari haiwaki tena mpaka tanki iongezwe.

Usiweke maji ya robine humo. Usiweke urea ya shamba. Na usimimine AdBlue katika tanki ya mazutu: ikiingia humo, inatengeneza chumvi ndani ya pompi na enjekteri, na pale ni kubadilisha pyesi karibu zote. Kabla ya kununua gari ya namna hii, tafuta kwanza mjini mwako ni nani anauza AdBlue kwa bidoni iliyofungwa, na anaiweka kivulini. Usipomkuta, tafuta gari nyingine.

Namba 91 ya Marekani si namba 91 ya Ulaya

Kwa magari ya esansi, fungua kifuniko cha tanki na usome. Utakuta namba: 91, 95, 98. Hiyo ni oktani, nguvu ya esansi ya kuvumilia kubanwa bila kuwaka kabla ya wakati. Haina uhusiano na usafi, na haiongezi mbio kwa gari isiyoihitaji.

Mtego ni kwamba Wamarekani wanahesabu tofauti. Namba 91 kwenye gari iliyotoka Marekani ni karibu sawa na 95 ao 96 ya Ulaya. Namba 87 yao ni karibu 91 ao 92. Mtu anayeona 91 kwenye Mercedes ya Marekani na kuwaza kwamba esansi yoyote inatosha, amekosea.

Kwenye pompi zetu, mara nyingi kumeandikwa tu "essence", bila namba. Uliza mwenye stesheni. Akikosa jibu, sikiliza motere yako. Ukikanyaga kwenye kupanda na kusikia sauti kama mawe madogo yanayogongana ndani ya kopo, esansi inawaka kabla ya wakati. Motere za kisasa zina kifaa kinachosikia mgongano huo na kurudisha nyuma moto wa bujii, ndiyo maana gari inakuwa nzito na kunywa zaidi. Lakini kifaa hicho kina mwisho wake. Ukiendelea kukanyaga, pistoni zinaweza kutoboka.

Wakaaji wa Kivu wana msaada mmoja wa bure: kimo. Ziwa Kivu liko karibu metre 1,460 juu ya usawa wa bahari, na huku presha ya hewa iko chini kwa karibu asilimia 16 kuliko pwani. Motere isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, inabanwa kidogo, na inavumilia esansi ya chini kidogo. Lakini motere yenye turbo haipati zawadi hiyo, kwa sababu turbo inajaza hewa iliyokosekana. Na hata ile isiyo na turbo, ukishuka nayo Uvira ao Kalemie, unaacha zawadi hiyo mlimani.

Stesheni ao kadafi?

Tuseme ukweli: bila makadafi wa kando ya barabara, siku nyingi miji yetu ingesimama. Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki kwa haki. Tatizo ni bidoni. Bidoni ya njano iliyobeba mafuta ya kupikia, ikaoshwa na maji, ikakaa juani, haiwezi kutoa esansi safi hata kama aliyeijaza ni mtu wa haki. Na wapo wachache wanaochanganya na petroli ya taa, kwa sababu bei inaruhusu.

Katika motere nzee, maji kidogo yanaleta kikohozi. Katika mazutu ya kisasa, pompi inasukuma kwa presha ya bari 1,600 hadi 2,000, na mazutu yenyewe ndiyo inayolainisha pompi hiyo. Maji hayalainishi. Petroli ya taa inalainisha vibaya. Chuma kinasuguana na chuma, vumbi lake linaenda mpaka kwenye enjekteri, na pale si enjekteri moja inayokufa, ni zote pamoja na pompi.

Ukilazimika kununua bidoni, fanya majaribio mawili. Kwanza, jaza chupa inayoonyesha ndani na uiache itulie robo saa. Maji ni mazito kuliko esansi na mazutu, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari. Pili, kwa esansi tu, weka tone moja kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi inakauka na kuondoka. Ikibaki alama ya mafuta, ndani kuna petroli ya taa ao mazutu. Majaribio haya hayaonyeshi salfa wala oktani, lakini yanakuokoa na udanganyifu ule mkubwa.

Kwa siku za kawaida, chagua stesheni moja inayouza sana na uizoee. Ukikuta lori ya tanki inamwaga mafuta pale, rudi baadaye, kwani uchafu wa chini umekorogwa. Omba risiti. Usiache tanki ikae chini ya robo. Badilisha filtri ya mazutu kabla ya muda ulioandikwa, na umwambie fundi atoe maji ya chini ya filtri kila anapofanya matengenezo.

Na kama esansi imemiminwa katika gari ya mazutu, neno ni moja: usiwashe. Hata kontakti usigeuze, kwa sababu kwenye magari mengi pompi ya tanki inaanza pale pale. Sukuma gari pembeni, tanki itolewe yote. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Ukiwasha, ni kazi ya mwezi na hela ya kiwanja.

Mafuta ya motere: soma mgongo wa bidoni

Mafundi wetu wengi wamejifunza kwa Land Cruiser na Hilux, na huko walifundishwa kwamba mafuta mazito yanalinda. Kwa motere hizo walikuwa na haki. Lakini njia za mafuta katika motere ya kisasa ni nyembamba, na turbo yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mafuta mazito yanachelewa kufika asubuhi, na turbo inazunguka kavu.

Namba kama 5W-30 inasema mambo mawili: ya kwanza, mafuta yanavyotembea wakati wa baridi, ya pili, uzito wake wakati motere ina moto. Hiyo bado haitoshi. Bidoni mbili za 5W-30 zinaweza kuwa tofauti kama chai na kahawa. Geuza bidoni na utafute kibali cha mtengenezaji. Mercedes ya mazutu yenye filtri ya masizi inaomba MB 229.51 ao 229.52, mafuta yenye majivu kidogo. Mercedes nyingi za esansi zinakubali MB 229.5. BMW ya mazutu yenye filtri inaomba Longlife-04. Range Rover ina namba zake zinazoanza na STJLR. Ukiweka mafuta yenye majivu mengi, hata yawe ya bei ya juu, filtri ya masizi inajaa majivu ambayo haiwezi kuyaunguza tena. Pale ndipo unasikia watu wakisema filtri za Wazungu ni mbaya.

Usiamini maandishi ya mbele ya bidoni peke yake. Kifuniko kiwe na pete isiyokatika, chini pawe na namba ya kutengenezwa, na bei isiwe ya ajabu. Mafuta ya bandia mengi yanauzwa ndani ya bidoni za kweli zilizookotwa garajini. Kwa hiyo ukimaliza, toboa bidoni yako kwa msumari kabla ya kuitupa. Unamlinda jirani.

Muda wa kubadilisha? Kitabu cha Ulaya kinaweza kusema kilomita 15,000 ao hata 25,000. Kitabu hicho kiliandikiwa barabara safi na mazutu isiyo na salfa. Hapa kwetu, penye salfa, safari fupi na vumbi la volkano, kata hesabu hiyo nusu ao chini ya nusu, na uangalie filtri ya hewa kila mara. Vumbi la Goma ni mawe yaliyosagwa. Likipita filtri, linasugua motere kama karatasi ya msasa. Na upime kiasi: V6 ya mazutu ya Mercedes inaweza kuchukua zaidi ya litre 8, wakati fundi amezoea kununua 5 ao 6. BMW nyingi hazina kijiti cha kupimia. Kipimo kinasomwa kwenye ekra, motere ikiwa imepata moto, gari ikiwa mahali pa sawa.

Bwati ya vitesi na maji ya radiatere

Utasikia kwamba mafuta ya bwati otomatiki ni ya maisha yote. Ya maisha ya nani? ZF, kampuni inayotengeneza bwati za BMW na Range Rover nyingi, yenyewe inashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Na si mafuta yoyote mekundu. Bwati ya Mercedes ya vitesi 7 ya kwanza inatumia mafuta mekundu ya namba 236.14; ile iliyofuata inatumia ya buluu, 236.15. Ukichanganya, bwati inaanza kuruka na kupiga teke. Kipimo pia kinachukuliwa kwa joto maalumu la mafuta, kwa hiyo fundi asiye na kompyuta ya kusoma joto hilo anabahatisha.

Kwa radiatere, desturi ya kuongeza maji ya robine ao ya ziwa ni ya hatari. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini, ambazo zinashika ndani ya mifereji myembamba na kula aluminiumu. Weka maji ya radiatere yaliyoandikwa kitabuni, yakichanganywa na maji yanayouzwa kwa ajili ya batri, yasiyo na asidi. Usifuate rangi: pinki ya Toyota na pinki ya Mercedes si kitu kimoja, na aina mbili zisizopatana zinaweza kufanya uji ndani ya radiatere.

Hapa kimo hakitusaidii. Kwenye metre 1,500 maji yanachemka kwa digrii karibu 95, na motere yako inafanya kazi kwa 90 hadi 105. Kinachozuia maji yasichemke ni presha inayoshikwa na kifuniko. Kifuniko kidogo kikichoka, gari inachemka huku tablo bado haijalia. Kibadilishe, na usikifungue kamwe motere ikiwa na moto.

Ngomo haisamehe

Tumeacha mwisho kile kidogo kuliko vyote, na ambacho hakiui motere, kinaua watu: mafuta ya freni.

Mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani, polepole, hata chupa ikiwa imefungwa ndani ya gari yako. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka kwa digrii 230 ao zaidi. Ikishavuta maji ya miaka miwili ao mitatu, inaweza kuchemka kwa 155 tu. Ndani ya mji hutaona tofauti.

Sasa shuka Ngomo, kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola, na gari ya tani mbili na nusu, watu saba na mizigo. Shofere anaweka mguu kwenye freni na kuuacha pale, kwa sababu bwati ni otomatiki na hakuna aliyemwonyesha namna ya kushusha vitesi kwa mkono. Freni zinapata moto, mafuta yanachemka, Bubbles za mvuke zinaingia katika mirija. Mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi. Pedali inashuka mpaka chini na gari haisimami.

Litre moja inatosha gari nzima. Badilisha kila miaka miwili, kwa chupa mpya, si ile iliyobaki wazi garajini tangu mwaka jana. Fuata DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la freni, na usichanganye kamwe na DOT 5 ya silikoni. Kwenye mteremko, shusha vitesi hadi cha pili ao cha tatu, motere ishike gari, na mguu ugonge freni kwa vipindi.

Karatasi moja ndani ya gari

Mwenye gari ndiye anayelipa, lakini anayesimama mbele ya pompi na duka ni shofere. Yeye hajaona kitabu, na mara nyingi kitabu kimeandikwa kwa Kijerumani, Kiarabu ao Kijapani. Namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17, iliyo chini ya kioo cha mbele, inatosha kwa muuzaji wa pyesi mwenye ujuzi kukupa vyote.

Juma hili, chukua karatasi moja ngumu na uandike mistari sita: esansi ao mazutu na namba yake, mafuta ya motere, kibali na idadi ya litre, mafuta ya bwati, maji ya radiatere, DOT ya freni, tarehe na kilomita za mabadiliko ya mwisho. Ifunike na plastiki, iweke mahali pa dokimani za gari, na mwambie shofere kwamba hakuna bidoni inayofunguliwa kabla ya kulinganisha. Siku muuzaji atakapomwambia "hii ni ileile", atakuwa na kitu cha kumwonyesha.